Mikate ya Shayiri na Sufuria la Shule

Homilia ya Dominika ya 17 ya Mwaka B
Masomo: 2 Fal 4:42-44, Efe 4:1-6, Yn 6:1-15

Leo Mama Kanisa anatuwekea mbele yetu habari ambayo wengi wetu tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza: Yesu anawalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Kwa kuwa tunaijua mno, tumo katika hatari ya kuisikia bila kuisikiliza. Basi tuitazame polepole, hasa mambo mawili ambayo Mwinjili Yohane peke yake ndiye aliyetuandikia.

Jambo la kwanza, mikate ile ilikuwa ya shayiri. Katika nchi ya Palestina ya nyakati zile, ngano ilikuwa chakula cha wenye uwezo. Shayiri ilikuwa chakula cha maskini, na tena chakula cha mifugo. Jambo la pili, chakula kile kilitoka mkononi mwa mtoto. Mathayo, Marko na Luka wanatueleza kuwa palikuwa na mikate mitano, lakini hawatuambii ilikuwa ya nani. Yohane anatuambia kuwa ilikuwa ya mvulana mmoja.

Sisi wa Rhotia hatuhitaji kuelezwa shayiri ni kitu gani. Kutoka ukingo wa Bonde la Ufa, juu ya Mto wa Mbu, hadi kwenye msitu wa Ngorongoro, ardhi yetu nyekundu huotesha mahindi, ngano, shayiri, maharage, ngwara na mbaazi. Wala hatuhitaji kuelezwa habari za watoto wenye njaa. Kila asubuhi watoto wa Rhotia Kati, wa Rhotia Kainam na wa Kilimatembo hushika njia kabla jua halijapanda, na wengi wao wametoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tu, au bila hata hicho. Ndiyo maana leo tumekusudia kuisoma Injili hii tukiwa tumesimama mlangoni mwa jiko la shule, na kujiuliza maswali mawili: Mtoto wetu anakula nini mchana? Na ni nani kati ya watoto wetu asiyekula?

Tuanze na mwili, kwa sababu imani yetu haiudharau mwili. Neno wa Mungu mwenyewe alitwaa mwili, akanyonya, akakua, akasikia njaa. Wataalamu wanatufundisha kwamba katika nguvu yote ambayo mtoto huipata kwa chakula, sehemu inayotumiwa na ubongo ni kubwa kuliko ilivyo kwa mtu mzima, kwa maana ubongo wake ungali unajengwa. Sasa mtazameni mtoto aliyekula ugali jana saa mbili usiku, akaamka alfajiri, akatembea mwendo mrefu, akakaa darasani hadi saa nane mchana bila kutia kitu kinywani. Mtoto huyo amefunga kwa muda wa saa 18. Kanisa linatudai mfungo siku mbili tu kwa mwaka, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena halimdai mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Je, ni sheria ipi iliyowaagiza watoto wetu kufunga katika siku zote 194 za masomo?

Mtoto wa namna hiyo aghalabu haonekani mgonjwa. Husinzia, hutazama dirishani, husahau alichofundishwa jana. Nasi twasema ni mzito wa kuelewa, na pengine huadhibiwa kwa kosa ambalo si la akili yake bali ni la tumbo lake tupu.

Lakini, wapendwa, iko njaa nyingine iliyofichika zaidi, nayo hukaa hata katika nyumba zenye ghala lililojaa. Ni njaa ya mtoto anayeshiba ugali mtupu kila siku. Katika nchi yetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 42 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kupita kiasi kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 idadi hiyo ilishuka hadi 34, na katika ule wa mwaka 2022 ikawa 30. Tumshukuru Mungu kwa hatua hiyo. Lakini tusifumbe macho kwa jambo moja la kushangaza: mikoa iliyoonekana kuwa na udumavu mkubwa kuliko yote katika utafiti huo wa mwaka 2022 ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto wadogo au zaidi wamedumaa. Hiyo si mikoa ya njaa. Ni mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi yake! Basi ghala lililojaa mahindi si ushahidi kwamba mtoto amelishwa.

Hapa yatupasa kusema kweli yote. Udumavu huanza mapema, tangu mimba na katika miaka miwili ya kwanza ya maisha, na chakula cha shule hakiwezi kuufuta wote. Anayetaka kuushinda hana budi kuanza na mama mjamzito na mtoto anyonyaye. Hata hivyo chakula cha shule kina kazi yake kubwa. Humfanya mtoto aje shuleni na abaki hadi kipindi cha mwisho. Humpa nguvu ya kusikiliza. Humjenga kijana anapofikia umri wa kubalehe, ambapo mwili hukua kwa haraka tena. Na kwa binti zetu, ambao huhitaji madini ya chuma zaidi mara waanzapo kupata hedhi, chakula bora cha leo ni maandalizi ya mama wa kesho mwenye damu ya kutosha.

Na chakula bora si lazima kitoke mbali. Mungu ameweka hekima yake katika makande ambayo wazee wetu waliyapika kabla ya kuwapo wataalamu wa lishe. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu; kunde na maharage huujaza upungufu huo, nayo mahindi huujaza ule wa maharage. Vikiliwa pamoja, hujenga mwili kuliko kila kimoja peke yake. Tukiongeza mchicha, mnavu au majani ya maboga, mafuta kidogo, chumvi yenye madini joto, na tunda la msimu, mtoto amepata mlo kamili. Tena unga wa dona, uliosagwa kutoka mahindi makavu yaliyo safi, una virutubisho vingi ambavyo mashine ya kukoboa huviondoa ili tu unga uwe mweupe. Na chai ya rangi inyweyo pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza vema madini ya chuma. Afadhali mtoto anywe maji safi, na chai aiache hadi baadaye.

Sasa turudi mlimani pamoja na Yesu. Anainua macho, anauona umati, na anamwuliza Filipo watanunua wapi mikate ili watu wale. Filipo anapiga hesabu: dinari mia mbili hazitoshi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Kwa hiyo Filipo anazungumzia ujira wa siku mia mbili. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Kasoro yake ni kwamba ameanza na kile ambacho hawana.

Nasi mara nyingi huanza kama Filipo. Twasema: chakula cha shule ni kazi ya Serikali, au twasema: wafadhili watakuja, barabara yetu haikauki magari ya wageni waendao Ngorongoro. Mwaka 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza elimu bila ada kuanzia shule za msingi hadi kidato cha nne, wazazi wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini katika sehemu nyingi za nchi, wako waliodhani kwamba pamoja na ada, wajibu wao wa kumlisha mtoto nao umefutwa. Sivyo. Kilichofutwa ni ada. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa mikononi mwa wazazi na jamii, kwa makubaliano yao wenyewe. Nao mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 kuhusu chakula na lishe shuleni ulikuja kututaka tushirikiane, wazazi, walimu, serikali za vijiji na taasisi za dini.

Fikra hii si ngeni katika nchi yetu. Mwezi Machi mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe na shamba lake na kujilisha kadiri iwezekanavyo. Mwezi huohuo wa Machi mwaka 1967, Baba Mtakatifu Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu, Populorum Progressio, na humo aliwaeleza walimwengu kwamba watoto wasio na idadi hawapati chakula cha kutosha, wengine wanakufa wangali wachanga, na wengine wanazuiwa kukua katika mwili na katika akili. Mmoja alisema na taifa lake, mwingine alisema na dunia nzima, na wote wawili walijua kwamba hatuwezi kuzungumza habari za maendeleo huku tukimruka mtoto mwenye njaa.

Baada ya Filipo anakuja Andrea. Naye ana mashaka, lakini ameanza na kile kilichopo: yupo hapa mvulana mwenye mikate mitano. Basi na sisi tuanze na kilichopo. Tupige hesabu, safari hii ya Andrea. Tuseme mtoto mmoja anahitaji gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage au mbaazi kwa mlo mmoja wa mchana. Kwa siku 194 za masomo, hizo ni kilo 23 na kidogo za mahindi, na kilo zisizofika 8 za maharage. Yaani debe moja la mahindi na sehemu ya debe la pili, pamoja na chini ya nusu debe ya maharage, kwa mwaka mzima! Gunia moja la kilo 100 za mahindi lawatosha watoto wanne mwaka wote. Gunia moja la mbaazi lawatosha watoto kumi na wawili.

Tunasema haya bila kusahau kwamba mavuno hayafanani. Iko miaka ambayo mvua hukatika katikati ya msimu, na wako majirani zetu karibu na msitu ambao huamka asubuhi wakakuta tembo wamepita shambani usiku. Hao tutawataja baada ya kitambo kidogo. Lakini wengi wetu, katika mwaka wa kawaida, hatushindwi debe na nusu. Ni mara ngapi thamani ya debe hilo imemalizika kilabuni kwa jioni chache? Shayiri iliyokuwa mkononi mwa mvulana wa Injili ilikuwa mkate. Shayiri tulimayo sisi aghalabu hulimwa kwa ajili ya bia. Hatusemi kwamba kulima shayiri ni dhambi, kwani mkulima anahitaji fedha. Twasema tu kwamba mtoto asiwe wa mwisho kukumbukwa katika mavuno ya baba yake.

Tukumbuke pia yaliyotupata mwaka 2017. Wakulima wa mbaazi wa kaskazini, pamoja na sisi wa Karatu, tulikuwa tumezoea kuiuzia nchi ya India. Mwezi Agosti mwaka ule India iliweka kikomo cha mbaazi za kuingizwa nchini mwake, na bei ikaanguka vibaya. Magunia yakalala majumbani. Wengi walisononeka, na ilikuwa haki wasononeke. Lakini tujiulize: chakula kile chenye protini tele, kilichokataliwa sokoni, kilikuwa hakina mlaji mwingine? Mlaji alikuwa umbali wa kilomita moja, amekaa kwenye dawati. Tumejifunza kuiita mbaazi zao la biashara hadi tukasahau kwamba ni chakula.

Sasa, wapendwa, tufike mahali pazito zaidi pa Injili hii. Kabla ya muujiza, Yesu anatoa agizo moja: watu wote waketishwe. Palikuwa na majani mengi mahali pale, wakaketi. Kisha akawagawia walioketi kadiri walivyotaka. Hakuuliza nani alichangia. Kama angaliuliza, angalikula mvulana mmoja tu.

Katika shule zetu kadhaa, ambazo hatuna haja ya kuzitaja, kuna desturi inayotuumiza moyo. Kengele ya chakula ikilia, watoto ambao wazazi wao wamechangia hushika sahani na kupanga mstari. Wale ambao wazazi wao hawakuchangia huenda kukaa chini ya mti, au hutumwa nyumbani, ambako wanajua kwamba hakuna kitu jikoni. Wengine hujitenga wenyewe wasionekane. Harufu ya makande huwafikia huko waliko.

Tunajua sababu inayotolewa, na si ya kijinga. Walimu na kamati husema: tukimlisha mtoto wa asiyechangia, mwezi ujao hakuna atakayechangia, na sufuria lenyewe litapinduliwa. Ni kweli kwamba mzembe huwavunja moyo wenye bidii. Lakini tutazame vema ni nani anayeadhibiwa. Mwenye deni ni baba. Anayekosa sahani ni mtoto. Baba huyo mchana ule haisikii harufu ya makande, wala haoni haya. Adhabu imekosea njia.

Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hii huko Korintho. Wakristo wa kule walikusanyika kwa karamu ya Bwana, lakini kila mmoja alitangulia kula chakula chake, na hivyo mmoja alikaa na njaa huku mwingine amelewa. Paulo hakusema kuwa hilo ni kosa dogo la utaratibu. Aliwaambia kwamba wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu, na kwamba kwa namna hiyo wanachokula si tena karamu ya Bwana. Tutafakari maneno hayo mazito, sisi ambao watoto wetu hupiga magoti pamoja Jumapili kupokea Komunyo, na Jumatatu hutenganishwa mbele ya sufuria moja.

Yuko mtakatifu mmoja anayeweza kutufundisha njia. Takriban mwaka 369, njaa kali iliikumba Kaisaria ya Kapadokia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Wenye ghala walificha nafaka wakingoja bei ipande. Basili, ambaye wakati ule alikuwa padre na baadaye akawa askofu wa mji huo, alifanya mambo mawili. Kwanza aliwahubiria matajiri hadi baadhi yao wakafungua ghala zao. Pili, aliwakusanya wenye njaa, wanaume, wanawake na watoto, akaweka masufuria makubwa ya mchuzi wa kunde, akajifunga nguo ya mtumishi na kuwagawia kwa mikono yake. Angalieni utaratibu wake: kwa mkono mmoja alimbana mtu mzima aliyefungia nafaka, na kwa mkono mwingine alimlisha mwenye njaa bila kungoja yule wa kwanza atubu. Hivyo ndivyo inavyotupasa. Mzazi mwenye uwezo anayekataa kuchangia afuatwe, aonywe na jumuiya yake, aitwe na serikali ya kijiji ikibidi. Lakini wakati shauri lake likiendelea, mtoto wake aketi kwenye majani pamoja na wenzake, na ale.

Na je, yule asiye na uwezo kweli? Bibi kizee anayelea wajukuu yatima, mjane, kibarua asiye na shamba, jirani ambaye shamba lake limekanyagwa na tembo? Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na desturi njema ya mwenye ng'ombe wengi kumpa jirani ng'ombe wa kumtunza, ili watoto wa jirani nao wapate maziwa. Hakumwita ombaomba, alimwita mwenzake. Basi tusishindwe nao. Asiye na debe anaweza kutoa siku ya kazi katika shamba la shule, mzigo wa kuni, au zamu ya kupika. Na asiyeweza hata hayo, debe lake libebwe na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya mahali pake, bila kutangazwa, ili mkono wa kushoto usijue utendalo mkono wa kuume. Wala tusiwaulize watoto hao dini yao. Elfu tano wale walilishwa wote.

Tena imetupasa kuwafundisha watoto wetu heshima katika kula. Wako ambao wamezoea kukimbilia kando ya barabara kuu wakiwanyoshea mikono watalii wapate peremende. Peremende hiyo haimjengi mtoto mwili, nayo humbomolea utu, tena humweka katika hatari ya magari. Mvulana wa Injili hakunyosha mkono kupokea tu. Alinyosha mkono kutoa. Ndiyo roho ya Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843, ambamo watoto huwasaidia watoto. Mtoto aliyemwagilia bustani ya mchicha ya shule anaketi mezani kama mwenye nyumba.

Jambo la mwisho katika Injili: baada ya watu kushiba, Yesu anaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu chochote. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate hakuruhusu makombo yapotee! Hapa kuna fundisho kwa wote walioaminiwa stoo ya shule. Mahindi yaliyochangwa ni mali ya watoto. Yapimwe yanapoingia na yanapotoka, yaandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wazazi. Pale ambapo kikombe kimoja cha maharage hupotea kila siku njiani kati ya stoo na jiko, wazazi huchoka, na anayeumia tena ni mtoto. Wizi wa chakula cha watoto usihesabiwe kuwa ujanja.

Na uhifadhi wenyewe uwe wa uangalifu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu uotao katika nafaka isiyokauka vema. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo tusipeleke shuleni mahindi mabovu tuliyoona hayafai kuuzwa. Tuyaanike juu ya turubai, si juu ya udongo; tuyachambue; tuyaweke juu ya vichanja, mbali na ukuta, au katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Yule mtu wa Baal-Shalisha katika somo la kwanza alimletea Elisha malimbuko, yaani mavuno ya kwanza na yaliyo bora, si mabaki. Na Elisha naye hakuyaweka kwa ajili yake. Aliagiza watu wapewe wale.

Wapendwa, ili neno hili lisibaki hewani, twawaombeni mambo matatu katika majuma haya yajayo. Makatekista, katika mkutano wa Jumuiya wa juma hili, ulizeni kwa upole: katika jumuiya yetu, ni mtoto yupi ambaye hali shuleni, na kwa nini? Swali hilo moja latosha kuanzia. Akina baba, mavuno yakifika, tengeni debe la shule kabla ya kuita mnunuzi, kama mtu anavyotenga mbegu. Akina mama wa WAWATA, ninyi mlio na maarifa ya jiko, wasaidieni wapishi wa shule ili sufuria lisiwe na mahindi peke yake. Kikapu kimoja cha majani ya maboga kutoka kila jumuiya kwa zamu kitabadili afya ya watoto wengi. Na ninyi walimu wapendwa, mnaofanya kazi katika mazingira magumu, twawasihi: msimwache mtoto chini ya mti. Mkishindwa, tuiteni, tuketi pamoja.

Katika somo la pili, Mtume Paulo anatukumbusha kwamba sisi ni mwili mmoja na Roho mmoja, na kwamba Mungu ni Baba mmoja wa wote. Kama Baba ni mmoja, basi hakuna mtoto wa mtu mwingine. Punde padre atatwaa mkate mikononi, atashukuru, ataumega na kuutoa, kama Yesu alivyofanya juu ya majani yale. Mkate huo ulikuwa ngano, na ngano hiyo ililimwa na mtu. Mungu hakuona haya kutumia kazi ya mkulima ili ajitoe kwetu. Nasi tusione haya kumpa debe letu, ajitoe kwa mtoto mwenye njaa.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyepokea chakula kutoka mkono wa mtoto, pokea mavuno ya mashamba yetu, madogo au makubwa. Uwape wazazi moyo mkunjufu, walimu uvumilivu, na watunza stoo mikono safi. Uwaketishe watoto wetu wote mahali pamoja, washibe, wakue katika hekima na kimo, na wakupendeze wewe unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!